Mhariri, rudini mpige picha miti ile ile

Ndugu Mhariri,

Shikamoo, na salamu kwa wasomaji wenzangu wote. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili kwenye chuo kimoja hapa Morogoro, jina la chuo naomba nisilitaje mana ninachotaka kusema hakipo kwetu tu, nimeongea na wenzangu niliosoma nao, wako Dodoma, wengine Mbeya, wengine Dar, wote wananiambia hata kwao ni hivyo hivyo. Kilichonifanya niandike ni picha. Mwaka jana 2025 tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, chuoni kwetu kulikuwa na shughuli ya kupanda miti, wageni wakaja, waandishi wakaja na kamera zao, siku mbili baadaye picha ikatoka gazetini, mgeni rasmi ameshika koleo na sisi wanafunzi tumejipanga nyuma yake na fulana za kijani tunatabasamu. Na mimi nimo, wa tatu kutoka kushoto. Mama yangu aliikata ile picha akaibandika sebuleni. Kwa hiyo jamani ninachoandika hapa simnyooshei mtu kidole, nilikuwepo, nilipanda mche wangu, nikapiga makofi, nikaenda kula.

Miche ilikuwa 60, najua kwa sababu mimi ni mmoja wa walioishusha kwenye pikapu. Mwezi wa nane wenzangu wengi walikuwa wameshaenda makwao, mimi nilibaki Morogoro nafanya fildi, jioni moja nikasema ngoja nipite nikaone mche wangu umefikia wapi. Niliupanda karibu na nguzo ya taa kwa hiyo sikupata shida kuutafuta. Nikakuta kijiti. Majani yote yameanguka, gome limesinyaa, nikaushika kwa vidole viwili nikauvuta taratibu ukaja wote bila hata kukaza, na chini yake kiriba bado kipo. Yaani ile nailoni nyeusi ya kitaluni, nzima, haijachanwa hata kidogo, na ndani mizizi imejizungusha zungusha kama uzi uliojisokota, inatafuta pa kutokea haipati. Nilikaa pale chini muda mrefu kwa kweli. Mimi ndiye niliyeupanda vile. Hakuna aliyeniambia chana kiriba kwanza na mimi sikuuliza, haraka ilikuwa nyingi mana mgeni rasmi alikuwa na safari saa sita, na kauli mbiu ya dunia mwaka ule ilikuwa kukomesha uchafuzi wa plastiki, tulikuwa tumeivaa kifuani, alafu mimi nimefukia plastiki ardhini na mti nimeuua humo humo. Iliniuma sana.

Kesho yake nikarudi na daftari nikahesabu yote. Hai 19, iliyokufa 41, na kati ya hiyo 41 niliyoivuta ikatoka na kiriba chake ilikuwa 26. Iliyobaki ilikufa kwa kiu tu.

Sasa hapa naomba niseme jambo ambalo mkulima yeyote wa huku atakwambia bila kwenda chuo. Masika ya Morogoro inaishia mwezi wa tano. Juni jua linaanza, Julai, Agosti, Septemba ni kukavu, unakuja kuona mvua tena vuli, na vuli yenyewe siku hizi haina uhakika. Ukipanda mche tarehe 5 Juni maana yake umejipa kazi ya kumwagilia miezi mitano mfululizo, na kama hujapanga ni nani atamwagilia, kwa ndoo gani, kwa maji ya wapi, basi huo mche umeuweka tu pale ukafie. Na nchi yetu inayo Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tarehe 1 Aprili, masika imeshika, udongo umelowa mpaka chini, ukichomeka kijiti tu kinashika. Wenzetu Kenya nao walipotoa mapumziko ya nchi nzima ili watu wapande miti ilikuwa tarehe 13 Novemba 2023, mvua zinanyesha. Sisemi tarehe 5 Juni tukae tu, hapana, hiyo siku ingefaa sana kupalilia, kuweka matandazo na kuhesabu ile iliyopandwa Aprili kama bado ipo. Ila nakubali kuhesabu hakutoi picha nzuri.

Basi chuo kilipofungua tukaanza watu watano, sasa hivi tuko tisa. Hatuna katiba wala muhuri, tuna grupu la WhatsApp na zamu za kumwagilia, basi. Kitu cha kwanza tulichofanya ni kuitunza ile miche 19 iliyobaki, na tulikuwa hatuna hela ya kununua mpira wa kumwagilia kwa hiyo tukatumia chupa za maji. Chupa hazikuwa shida, siku moja ya kongamano pale ukumbini ziliokotwa viroba vitatu. Unachukua ile ya lita moja na nusu, unakata kitako, unatoboa kizibo kwa sindano iliyopashwa moto, unaigeuza kichwa chini unaichomeka pembeni ya mche alafu unajaza maji, inadondosha taratibu mpaka kesho yake. Inaonekana rahisi ila tuliharibu vizibo vingi, tundu likiwa kubwa maji yanaisha nusu saa, likiwa dogo sana linaziba na mchanga, mpaka tukagundua sindano ya kushonea nguo ndo saizi yake, ile ya gunia inazidi. Na chupa usiiache wazi juu, weka kipande cha kitambaa, la sivyo mbu wanazaliana humo, hilo tuliambiwa na dada mmoja anasomea afya na alikuwa sahihi, tulishaanza kuona viluwiluwi.

Maji ya kumwagilia tukawa tunachota bafuni hosteli, na huko ndo tukakutana na kitu ambacho mimi naona ni kikubwa kuliko miti. Bomba la mwisho ghorofa ya pili lilikuwa linavuja tangu naingia mwaka wa kwanza, usiku wa kwanza linakusumbua, wiki ya pili umelizoea hulisikii tena. Usiku mmoja saa tano nikatega ndoo ya lita 20 chini yake nikaenda kulala, mwenzangu akaniamsha saa kumi na moja alfajiri ndoo imejaa inamwagika. Masaa sita, lita 20. Ukipiga hesabu ni lita 80 kwa siku, bomba moja, na hakuna mtu anayeoga hapo. Tukazunguka jengo zima tukakuta yanayovuja ni 12, mengine kidogo mengine zaidi ya lile, tukatega ndoo kwa zamu wiki nzima tukiandika kwenye daftari, jumla yake ikaja kama lita 640 kwa siku. Kwa mwezi ni zaidi ya lita 19,000, yaani uniti 19 zinaingia mtaroni na chuo kinazilipia, alafu kuna siku maji yanakatika wanafunzi wanapanga foleni na madumu.

Fomu ya matengenezo ilikuwa imeshajazwa mara mbili, mara ya kwanza na waliotutangulia kwenye vile vyumba. Tukajaza ya tatu, tukasubiri mwezi na nusu. Mwishoni tukamtafuta fundi wa mtaani, mzee mmoja mpole, akaja na spana mbili na thredi tepu, akafungua koki ya kwanza akatoa kimpira kidogo kuliko sarafu ya shilingi mia, kimeliwa upande mmoja kama kimeng'atwa, akakiweka kwenye kiganja changu akasema, "Mwanangu, ni haka tu." Kanaitwa washa. Shilingi 500. Koki 10 zilihitaji washa tu, mbili zilikuwa zimekufa kabisa tukanunua mpya 8,000 kila moja, na mzee tukampa 15,000 ya kazi, ukijumlisha ni 36,000, tukachanga 4,000 kila mtu tisa sisi. Kwa mwanafunzi 4,000 sio hela ndogo, wengi wetu tunaishi kwa posho ya bodi ya mikopo ambayo ni 10,000 kwa siku, kula humo, sabuni humo, fotokopi humo, nauli humo. Lakini nafikiria, jengo lenye wanafunzi mia kadhaa limemwaga maji zaidi ya mwaka kwa sababu ya vimpira vya 500.

Wiki ile ile tukaitwa ofisini kwa wodeni tukaambiwa tumegusa miundombinu ya chuo bila kibali. Na kiukweli alikuwa na hoja, tungepasua bomba maji yakaingia vyumbani kwa watu nani angelipa, tukaomba radhi. Nikamuomba tu kama anaweza kuangalia daftari letu. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa, yupo kimya, akauliza hizi lita mmezipimaje, tukamweleza habari ya ndoo, akasema mimi nilikuwa naona bili tu. Jengo la pili tulitengeneza kwa kibali chake cha maandishi na fundi wa chuo mwenyewe akasimamia. Namshukuru sana. Ila kibali sio bajeti, washa za jengo la pili bado tulichanga sisi, na majengo yako mengi na sisi tuko tisa.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini linanigusa hivi suala la maji. Mimi natokea Dar. Mwezi wa kumi 2022 Mto Ruvu ulishuka mpaka jiji likaingia kwenye mgao wa maji, nilikuwa kidato cha tano, nakumbuka mama anaamka saa nane usiku kusikiliza kama bomba limeanza kukoroma, na yasipotoka tunanunua dumu shilingi 500 kutoka kwa vijana wa mikokoteni, maji yenyewe hujui yametoka kisima gani. Sasa nimekuja Morogoro nafungua dirisha asubuhi naiona Uluguru ile pale, mawingu yamekaa juu yake, na huko ndiko maji mengi ya Ruvu yanakotoka. Yaani maji anayoyasubiri mama yangu saa nane usiku yanaanzia kwenye milima ninayoiona nikiwa napiga mswaki. Mji wenyewe wa Morogoro unategemea sana bwawa la Mindu, na wenyeji wanakwambia bwawa linajaa tope mwaka hadi mwaka kwa sababu ya kulima na kukata miti juu huko. Ndo mana nikisikia bomba linadondosha usiku siku hizi silali, lazima niamke.

Nije kwenye chakula, mana takataka nyingi za wanafunzi ni za chakula. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku nilikuwa kidato cha pili, na naikumbuka vizuri ile wiki, nyumbani mama alishusha kapu la ukindu lililokuwa juu ya kabati toka enzi za bibi akalipangusa vumbi akaenda nalo sokoni kama vile hajawahi kuliacha. Watu walilalamika siku mbili tatu wakazoea. Nikaamini tangu siku ile kwamba Watanzania sio wagumu kubadilika kama tunavyosemwa, ukiwapa njia nyingine inayoshikika wanabadilika hata kwa wiki moja. Ila marufuku ile ilikuwa ya mifuko ya kubebea, haya maboksi meupe ya tekiawei hayamo, na vile vinailoni vyembamba vya kufungashia bidhaa sasa hivi vinatumika sokoni kama mifuko kabisa. Chuoni kwetu mchana wanafunzi wengi wananunua wali maharage kwenye boksi wanaenda kula vyumbani, jioni boksi linatupwa nyuma ya hosteli kwenye shimo, na usiku linachomwa. Ule moshi wa povu ni mzito, mweusi, unaingia madirishani kwa wanaosoma, una harufu inayokaa kooni mpaka asubuhi, na tuna wenzetu wenye pumu humo ndani, mmoja tulishamkimbiza zahanati usiku.

Tukaenda kwa mama lishe mmoja nje ya geti, ambaye ndo anauzia watu wengi zaidi, tukamuomba kama anaweza kumpunguzia 200 mtu atakayekuja na chombo chake, mana boksi lenyewe yeye ananunua kama bei hiyo. Akatuangalia akasema, "Wanangu, mimi 200 nawapunguzia, lakini mtu akija na bakuli chafu akaumwa tumbo mtasema chakula cha mama ndo kibaya." Na ni kweli kabisa, hatukuwa tumelifikiria. Tukakubaliana chombo kichafu hapokei, tukaweka ndoo ya koki na sabuni pembeni ya kibanda chake, kila asubuhi mmoja wetu anaijaza. Wiki mbili za kwanza walikuja wasichana tu. Wavulana waliona aibu kutembea na kontena begini, wakasema wanaonekana kama watoto wa chekechea. Kilichobadilisha sio maneno yetu, ni mwisho wa mwezi, bumu, yaani ile posho ya mkopo, limeisha, mtu anapiga hesabu 200 mara siku 20 ni 4,000, sahani mbili za wali hizo. Sasa hivi mama anasema paketi ya maboksi iliyokuwa inaisha siku moja inamchukua siku mbili na zaidi. Sio kwamba yameisha. Yamepungua, na moshi wa usiku umepungua, wenye pumu ndo mashahidi wangu.

Na kwa mama huyo huyo ndo tulianza mboji. Maganda ya viazi, ya ndizi, ya mayai, mabua ya mchicha, vyote alikuwa anavimwaga mtaroni. Tukapewa kipande nyuma ya bustani ya chuo tukaanza kurundika, na rundo la kwanza tuliliharibu. Tulirundika maganda mabichi matupu, mvua ikanyesha, likaoza likatoa maji meusi na inzi wengi sana, matroni wa hosteli ya jirani akaja juu na alikuwa na haki, harufu ilikuwa inaingia kwa mabinti mpaka chumbani. Tulilisambaza lote tukalifukia. La pili tukauliza kwanza. Mzee mmoja anayelima mbogamboga pembezoni mwa mto akatuonyesha, unaweka tabaka la majani makavu na nyasi, juu yake maganda, juu yake udongo kidogo na samadi, unarudia hivyo hivyo, alafu katikati unachomeka kijiti kirefu kilichochongwa. Kile kijiti ndo kipimo chako. Baada ya siku chache unakichomoa unakishika kwa mkono, kikiwa cha moto ujue rundo linafanya kazi, kikiwa kimelowa na baridi linahitaji makavu zaidi, kikiwa kikavu na kina ukungu mweupe ongeza maji. Siku nilipokichomoa mara ya kwanza kikawa cha moto kama mtu ameingiza kwenye chai, nilifurahi jamani siwezi kueleza, niliwaita wenzangu wote waje washike. Tukawa tunaligeuza kila baada ya wiki mbili, miezi mitatu mbele ikawa udongo mweusi unaonuka msitu. Hiyo ndo tuliyopandia miti ya Aprili mwaka huu. Majani ya mijohoro ambayo wafagiaji walikuwa wanayachoma kila asubuhi sasa hivi wanatuletea wenyewe na toroli.

Suala la mkaa na kuni nitaligusa tu kwa sababu liko juu ya uwezo wetu. Serikali ilishaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka mpaka mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Ni jambo kubwa na naliunga mkono. Ila wanafunzi wengi hawali kwenye jiko la taasisi, wanakula kwa mama lishe nje ya geti, na kwake yeye gunia la mkaa bado liko mlangoni, mana mtungi mkubwa wa gesi ukiisha ni hela nyingi kwa mkupuo na mkaa anaweza kununua wa buku mbili akamaliza siku. Kama vyuo vinaweza kuwapangisha hawa kina mama vibanda basi viwasaidie na kwenye hilo, hata kwa kulipia mtungi kidogo kidogo kwenye kodi ya kibanda. Yeye mwenyewe alilisema hili, mimi nalifikisha tu.

Ninachokiomba kwa wakuu wa vyuo ni kidogo. Kwenye bajeti ya siku ya mazingira kuna fulana, kuna spika, kuna maturubai, kuna maji ya chupa ya wageni, na vyote hivyo vinapita siku moja. Ombi langu ni fungu dogo la kudumu, liandikwe kabisa, la washa na koki, na mtu mmoja mwenye jina ambaye mwanafunzi akiona bomba linavuja anajua nampigia huyu na ndani ya siku tatu atakuja. Na kwenye kupanda miti, kabla hamjaandika idadi ya miche, andikeni jina la atakayeimwagilia mwezi wa nane. Kama halipo jina msipande, peni hiyo miche wanavijiji wakapande mashambani kwao, itaishi. Najua viongozi wetu wana mambo mengi na hela ni chache, sisi wenyewe tunaona majengo yanavyohitaji ukarabati, lakini hili la maji linarudisha hela, ukiacha uniti 19 zisiende mtaroni kwa jengo moja mwezi mmoja utanunua washa za chuo kizima.

Na kwako Mhariri, ndo sababu hasa ya barua hii. Tarehe 5 Juni ndo hiyo wiki ijayo, na najua mtatuma waandishi maeneo mengi watu wanapanda miti. Msiache kutuma. Ila nawaomba kwa heshima, mwandishi akimaliza kupiga picha aandike tarehe kwenye daftari lake, na mwezi wa 12 arudi pale pale asimame pale pale apige tena, alafu mziweke picha zote mbili gazetini pembeni kwa pembeni. Hata mara moja tu kwa mwaka. Nawaambieni ukweli, siku ile tuliyopanda kama ningejua kuna mtu atarudi kuangalia, ningeuliza kiriba kinachanwa vipi, na wale walioandaa wangetafuta mtu wa kumwagilia, sisi binadamu tuko hivyo. Mama yangu bado ana ile picha ukutani na sijawahi kumwambia kwamba mti wenyewe ulishakufa. Atasoma humu.

Kwetu tarehe 1 Aprili mwaka huu tulipanda miche 30, bila mgeni rasmi, mvua inatunyeshea, na kabla hatujaondoka tulivihesabu viriba mkononi vikatimia 30. Mpaka leo 28 iko hai, na ile ya mwaka jana iliyovuka kiangazi ni 16, jumla 44. Kila mmoja una kibati chenye namba. Chuo kinafunga mwezi wa saba na tulikuwa na wasiwasi mkubwa nani atamwagilia likizo, mpaka juzi tukamfuata mzee anayelinda geti la nyuma, tukamsalimia, tukamweleza kwa aibu kidogo, akasema, "Wajukuu zangu, mimi nakaa hapa usiku kucha na bomba liko hapo, mlikuwa mnanizunguka kwa nini?" Tumemwachia madumu manne na chupa za akiba, na vizibo vilivyotobolewa kwa sindano ya nguo.

Mwandishi akija mwezi wa 12 apitie geti hilo, amsalimie mzee, alafu aanzie nguzo ya pili ya taa. Namba 1 ni mkangazi, nimeupanda kwenye shimo lile lile la mche wangu wa kwanza, sasa hivi unanifika magotini.

Ni mimi msomaji wako,
Mwanafunzi wa mwaka wa pili,
Morogoro